Neno ya Maman Verediana Haijaisha

Siku ya kwanza ya kazi, Masera Direktrisi, mutawa mukubwa wa nyumba ya kusoma, hakuniuliza kama najua kusoma. Aliniuliza kama najua kunyamaza.

Nilikuja na hasira yangu tayari. Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya Rusizi, kwa bazazi ba huku Cyangugu. Nilisoma masomo ya mangaribi, ile ya batu bakubwa, mutoto moja mugongoni na mwingine tumboni, mwalimu anaandika ku tablo na mimi nanyonyesha. Tuliporudi Cyangugu, nyuma ya mauaji, diploma yangu nilileta ndani ya Biblia ili isikunjike. Masera hakuitazama hata kidogo.

"Maman Donatha," akasema, "hapa hatufundishe. Siku nitasikia unafundisha, nakurudisha nyumbani kwa bwana yako. Umesikia?"

"Nimesikia, Masera."

"Sasa chukua kitambaa, tukaushe bitabu."

Nyumba ya kusoma ilikuwa kule chini, karibu na ziwa, mabati yake imetobolewa na risasi. Mvua ilikuwa imeingia miezi mingi. Tulianika bitabu ku jua kama vile unaanika maharage. Bingine bilikuwa bimepoteza ngozi, ile karatasi ya juu yenye jina, na haukuweza kujua nani aliandika. Masera akasema hiyo haina neno: tutasikiliza neno yenyewe, hatutaogopa jina ya muntu.

Ninyi bijana munaniuliza animatrisi alikuwa anafanya kazi gani. Nitabaambia. Animatrisi haiko mwalimu, haiko katekisti. Ni muntu wa kushika ukurasa. Kila siku ya posho, Jumamosi mchana, batu balikuja. Ukurasa moja tu, hatupite. Muntu moja anasoma mu Kifaransa, mimi nageuza mu Kiswahili, juu Kiswahili njo ilikuwa lugha ya bote: sisi ba Bukavu, ba kiwanda ya simenti kule Bugarama, na bamama banaouza soko ya huku na ya ng'ambo. Tunasoma mara mbili. Kisha nauliza kiulizo moja na nafunga kinywa. Hapo njo kazi inaanza. Kufunga kinywa wakati batu bote banakutazama ubasaidie, ni nguvu kupita kupanda mulima na ndoo ya maji.

Mu mutaa balinicheka. "Maman Filozofi! Leo umepika nini, filozofi na sombe?"

"Sombe iko, mihogo haikose majani," nilibajibu. "Akili njo natafuta, juu hapa mu mutaa imeisha."

Lakini mu roho sikucheka. Balifikiri muntu maskini anahitaji sabuni na unga, basi. Muntu aliyezika batu yake, ao aliyekosa hata mufupa ya kuzika, ati huyo hana haki ya kuuliza nini ni haki, nini ni kufa, Mungu alikuwa anatazama wapi? Kuna batu banasoma miaka na miaka, banapewa chakula na kitanda, ili baulize bile biulizo. Mama anayeuliza bure, akilima, banamwambia apunguze mawazo. Ile ilinichoma wakati ile na inanichoma leo.

Sasa nibaambie juu ya nyumba, juu bila ile hamutaelewa kitu.

Mu ile miezi ya kwanza kulikuwa papa moja, mubaba mukubwa, aliyerudi toka makambi ya bakimbizi ya Congo, kule bauaji bamoja balijificha, na mwingine aliyekulia Bukavu kama mimi. Ukurasa ilikuwa inasema juu ya usingizi ya muntu mwema. Ule wa makambi akasema, "Mimi silale muzuri." Hiyo tu.

Mwingine akaruka. "Mumesikia? Amekubali mwenyewe!"

"Nimekubali nini?"

"Kwamba uliua batu!"

Wakati ile, neno uliyowekewa mu kinywa na mwingine iliweza kukufikisha mu gereza. Batu bote balitazama mulango. Masera akapiga meza na kiganja.

"Hakuna anayetoka! Wewe, mbele ya kumujibu, mujengee nyumba yake. Sema neno yake vile yeye alisema, mpaka yeye mwenyewe akubali kulala ndani. Kisha njo uipige mawe."

Ule papa akajaribu. "Amesema yeye ni muuaji."

"Mu ile nyumba silale!" mwenzake akapiga kelele.

"Amesema... anaficha kitu."

"Mimi niko inje bado, mvua inaninyeshea!" Batu bakaanza kucheka, na kicheko ikalegeza mabega.

Ule papa akasema pole pole, "Amesema usiku inafika, na usingizi haimukamate."

"Hapo nalala," mwingine akasema. "Na wewe, unalala?"

"Hapana. Hata mimi silale."

Toka siku ile njo ikawa desturi yetu. Ukitaka kupinga muntu, unamujengea kwanza, unamuuliza, "Unalala humo?" Akisema "Nalala," neno ni yako, na hakuna muntu wa kukukata, hata Masera, mpaka wewe mwenyewe useme "Nimemaliza." Njo sheria yetu yote. Hatukuandika mahali. Haikuhitaji.

Nyuma ya pale Masera alinituma kule bondeni, Bugarama, nianzishe kundi ingine. Vita ya Congo ilikuwa inawaka tena, mupaka leo imefunguliwa, kesho imefungwa. Nilipita Nyakabuye na minibisi, rozari mu mukono. Kule nilipata balimaji ba mupunga na batumishi ba simenti, Bakatoliki na Bislamu, bamoja na matope mpaka magoti, bengine beupe kama bamepakwa unga. Papa Hamisi alikuwa mufungaji wa mifuko mu kiwanda. Siku ya kwanza alinitazama toka kichwa mpaka biatu.

"Masera anatutumia maman wa rozari kutusomea sisi ba musikiti?"

"Ndiyo, papa. Kama unaogopa rozari, kaa kule nyuma."

"Mimi naogopa mwanamuke anayenyamaza. Banasema huyu anauliza, kisha hajibu."

"Bado. Wewe hujasema kitu cha kujibiwa."

Akacheka, na toka hapo hakukosa. Saa ya alasiri ikifika, ukurasa inalala juu ya meza. Bislamu banaenda kusali, mimi na Bakatoliki tunasukuma fungu moja ya rozari, kisha tunarudi ku ile sentensi tuliyoacha. Hakuna aliyetuamuru vile. Papa Hamisi alikuwa mubishi. Alichukua kila mara upande wa kitabu, hata kama kitabu inasema upuuzi, juu, alisema, "Kitabu haina kinywa, maskini, muntu aitetee." Nilipoitwa kurudi Cyangugu, alianza kupanda na minibisi siku zake za kupumuzika, ili asikose ubishi.

Kule Cyangugu nilimukuta Maman Verediana. Mama wa Nkungu, mulimaji. Batoto yake bote bamekufa mu mauaji, na bwana yake. Siku ya posho alishuka na beseni ya maparashe, avoka, kuuza soko. Akimaliza, anaingia, anaweka beseni chini ya benchi ya nyuma, anakaa. Hakusema kitu. Miaka. Mimi sikumulazimisha, Masera alinikataza.

"Anafanya kazi," Masera aliniambia siku moja. "Usimusumbue."

"Kazi gani, Masera? Hajafungua kinywa."

"Na wewe, ukiwa na mimba, batu balikuuliza kila siku umefikia wapi?"

Masera aliitwa kwingine na bakubwa yake. Tulimusindikiza ku minibisi, sikulia mpaka nilipofika jikoni. Mahali pake kukakuja Musye Direkteri, na suti, na diploma kubwa ya filozofi ya inchi ya mbali. Kwanza sikumuchukia. Nilimushukuru Mungu: sasa, nikasema, tumepata muntu anayejua njia.

Juma ya kwanza aligeuza benchi. Zilikuwa zimezunguka, akazipanga mustari kama kanisa. Juma ya pili akaleta tablo. Kundi ikaitwa "konferansi". Akasema tutasema Kifaransa, juu Kiswahili ni lugha ya soko, haina maneno ya mawazo. Mimi nikabaki wa kugeuza maneno yake kwa bale banaobaki nyuma. Batu bakaanza kupunguka. Papa Hamisi akabaki kwa roho mubaya tu.

"Nabaki nimuone akianguka," aliniambia.

Sasa siku yenyewe. Direkteri alikuwa amechelewa, na batu balikuwa bameketi. Nikachukua kitabu kimoja kisicho na ngozi, nikafanya vile Masera alinifundisha. Ukurasa ilikuwa inauliza: muntu aliyekufa, unaweza kumukosea tena? Na ule mwandishi, jina hatujue, anajibu: hapana. Aliyekufa haiko. Haiko mahali, hasikie, haumie. Makosa inahitaji muntu wa kuipokea.

Tulisoma mara mbili. Nikauliza kiulizo, nikafunga kinywa. Direkteri akaingia katikati ya ile kimya, akaketi pembeni, akatoa kalamu.

Papa Hamisi akatetea kitabu, kama kawaida yake, lakini siku ile sauti yake haikuwa ya muchezo. "Mimi naona ni kweli. Na ni rehema. Bale batu yetu, hakuna tena anayeweza kubagusa. Bamefika mahali mukono ya muntu haifike."

Nyuma, benchi ikalia. Maman Verediana alikuwa amesimama.

Sijue kama ninyi munaelewa. Miaka yote ile. Hata bamama ba soko balikuwa banafikiri pengine ni bubu.

"Papa Hamisi," akasema, "ngoja nikujengee. Unasema batoto yangu hawasikie baridi tena. Unasema muntu akibatukana leo, tusi inaanguka njiani, haifike. Unasema mama yabo anaweza kupumuzika, juu hata shetani hana mulango ya kupitia. Unalala humo?"

Papa Hamisi alikuwa na machozi. "Nalala, maman. Umenijengea muzuri kupita mimi mwenyewe."

"Basi mimi nasema..."

"Maman, maman." Ilikuwa Direkteri. Anacheka kidogo, kalamu juu. "Pole sana kwa mateso yako. Lakini ile ni ushuhuda. Kuna mahali ya ushuhuda, na ni pahali pazuri. Hapa tunafanya filozofi. Swali ya kitabu ni ya jumla." Akasimama, akaenda ku tablo, akachora mustari: hapa uhai, hapa kifo.

Maman Verediana alibaki amesimama muda wa kukunja kitenge yake. Akachukua beseni. Akatoka.

Hakuna aliyesema kitu, hata mimi. Nilikuwa nimefunga kinywa juu njo kazi yangu, na nilipofungua, mulango ilikuwa tayari imejifunga. Nilifika nyumbani nikasali rozari yote, hasira haikutoka. Nikasali ya pili. Hapo nikaelewa pengine Bikira Maria mwenyewe hakutaka itoke.

Siku ya kwanza ya juma nilikuwa mu biro, ile ofisi yake.

"Direkteri, umemukata mama mwenye neno."

"Nimemusaidia. Angelia mbele ya batu."

"Na kama angelia? Sheria yetu inasema..."

"Sheria gani? Iko wapi? Nionyeshe." Akaegemea kiti. "Maman Donatha, wewe una diploma gani?"

"Ya mangaribi."

"Voilà."

"Voilà nini? Maliza sentensi yako, Direkteri. Mimi sikate batu."

Hakuimaliza. Nikapanda Nkungu na miguu. Maman Verediana alikuwa anapalilia mihogo. Alinipa kiti, alinipa maji, alinipa parashe moja kubwa. Kurudi, alikataa.

"Nilimujengea ule mwislamu nyumba yake yote, Donatha. Mpaka paa. Kisha balinifungia inje. Siku batakubali nimalize, njoo uniite. Siku ingine, usinichoshe."

"Uniambie basi ulitaka kusema nini, nibapelekee."

"Hapana. Neno yangu haiende na miguu ya mwingine."

Basi nikafanya kitu moja tu, nikaifanya mpaka mwisho. Kila siku ya posho, mbele ya Direkteri kuanza konferansi, mimi mugeuzaji wake nilisimama na nikasema, mu Kiswahili kisha mu Kifaransa ili asikose kuelewa: "Mbele ya kuanza, neno ya Maman Verediana haijaisha." Kisha nakaa.

Mara ya kwanza alifikiri nimechoka. Mara ya pili aliniita mu biro. Akaniandikia onyo, akatishia kunifukuza. Nikamwambia, "Nifukuze. Lakini mbele ya kunifukuza nitasema ile kwanza." Kuna juma mabomu ilisikika toka ng'ambo, kule nilizaliwa, batu banatetemeka ku benchi, na mimi nikasimama, nikasema: mbele ya kuanza, neno ya Maman Verediana haijaisha. Hata bale ba suti, barafiki ya Direkteri, balizoea. Ilikuwa kama sala ya kufungua.

Miaka ilipita vile. Kisha bakubwa ba nyumba bakaamua kwamba kazi ya animatrisi inahitaji diploma ya universite. Banasema nimestaafu. Sijafika hata miaka makumi tano! Mimi sikustaafu, balinistaafisha. Muone tofauti.

Balinifanyia karamu, Fanta na sambusa. Nikaomba kitu moja: kualika batu yangu mwenyewe. Direkteri alikubali, alikuwa na furaha naenda. Nikapanda Nkungu.

"Ni siku ile?" Maman Verediana akaniuliza.

"Ni ile."

"Una hakika?"

"Nina hakika na mimi. Na Direkteri sina."

Akanawa miguu, akavaa kitenge ya kanisa, akachukua beseni yake na maparashe.

Direkteri alisema muda murefu. Alinisifu. Akasema katika ile nyumba, chini ya kazi yake, kila muntu alipewa neno, mukubwa na mudogo, na fikra imeshinda malalamiko. Batu bakapiga makofi. Kisha bakanipa nafasi ya kushukuru.

"Musye Direkteri," nikasema, "kwanza nikujengee. Unasema hapa kila muntu alipewa neno. Unasema hakuna aliyefukuzwa, ila malalamiko tu. Unasema nyumba ni ya bote. Unalala humo?"

Bale ba zamani balikuwa bamekwisha kuelewa. Papa Hamisi aliweka sambusa chini.

Direkteri alicheka mbele ya bageni. "Lakini ndiyo, maman. Nalala humo."

"Asante. Basi neno ni yangu, na ninaipa mwenyewe."

Maman Verediana alisimama nyuma, mahali pake. Hakusalimia muntu. Aliendelea kama vile alikatwa asubuhi ile.

"Basi mimi nasema, Papa Hamisi. Kitabu inasema asiyekuwa hawezi kukosewa. Nilipoolewa sikuzaa upesi. Nikapanda muti ya parashe. Jirani akauliza ya nini, nikasema ya mutoto. Mutoto gani? Hakukuwa mutoto. Hata mimba hakukuwa. Mbuzi ya jirani ikavunja ule muti, na jirani akakuja na mwingine, akapiga magoti, akasema, 'Nisamehe, nimekosea mutoto yako.' Na batu bote ba mulima balisema amefanya vizuri. Hakuna aliyesema mutoto haiko."

"Mfano muzuri sana," Direkteri akaanza, "kwa sababu..."

"Nyamaza, Direkteri!" Papa Hamisi akapiga kelele. "Hajasema amemaliza!"

"Asiyefika bado, munakubali anaweza kukosewa," Maman Verediana akasema. "Aliyeondoka, munasema hapana. Mimi ni mama ya bote babili. Kwangu ni mutoto moja, aliyekuwa haiko, akakuwa, tena haiko. Muti iko. Maparashe ni hii mu beseni. Muntu anayeniambia bale batoto bameisha, niache kubataja, anabakosea, na mimi namungoja na muti mwingine mukononi, aupande na apige magoti." Akapumua. "Nimemaliza."

Papa Hamisi alisimama, akaondoa kofia. "Maman, nyumba yangu inavuja."

"Hamia," akamwambia. "Kuna nafasi."

Ningependa kumaliza hapo, nibaambie hasira yangu iliisha na namushukuru Mungu. Hapana. Kisha ya miezi kidogo, Papa Hamisi alikuja kwangu, vumbi ya simenti mu nyusi, hakukubali hata kuketi.

"Anaufundisha, Donatha! Muti! Ameuchora ku tablo mu Kifaransa. 'Tuchukue mfano ya avokado,' anasema. Bageni banaandika. Ya nani? Hasemi. Eti ni wazo yake, ilimukujia. Na mama mwenyewe hakukuwa ndani, alikuwa soko!"

"Kumbe asiyekuwa ndani anaweza kukosewa," nikasema.

"Sasa umefahamu!"

Kazi yangu ilinifundisha nini? Bijana munapenda niseme imenifundisha kuvumilia. Ilinifundisha kwamba neno ya muntu ina mwenyewe, na mwenyewe anataka kuonekana pale inapopita. Ile haihitaji diploma. Inahitaji muntu mwenye kichwa ngumu, akae karibu na mulango.

Siku ya posho iliyofuata nilienda. Nilivaa nguo ya misa. Direkteri alikuwa mbele ya tablo, chaki mukononi, muti imekwisha kuchorwa. Nikasimama nyuma, pale pale.

"Maman Donatha," akasema, "wewe si ulistaafu?"

"Kazi njo ilistaafu, Direkteri. Mimi nimekuja kusikiliza." Nikashika rozari yangu mu mufuko. "Lakini mbele ya kuanza: ule muti ni ya Maman Verediana wa Nkungu."

Kisha nikakaa. Na nitarudi kila siku ya posho, mpaka aandike jina yake ku tablo, chini ya mizizi.